Kusomea SIG mjini Goma: kozi iliyotupeleka jangwani kabla ya kutufikisha Majengo

Niseme mapema kwamba fedha zangu sizijutii. Kozi ya jioni ya mifumo ya taarifa za kijiografia, ambayo hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kila mtu anaiita SIG, kuanzia aparitera (mhudumu wa chuo) hadi dereva wa moto (pikipiki) aliyekuwa akinipeleka darasani, ilinigharimu dola 400 za minervali, yaani ada, zilizolipwa kwa awamu mbili, pamoja na miezi kumi ya kurudi nyumbani saa mbili usiku. Nilikipata nilichokuwa nikikitafuta, ila sehemu kubwa yake niliipata pale ambapo programu ya masomo haikuwa imeniahidi kitu, na mengi yaliyoahidiwa katika programu hiyo hayakutokea. Jina la chuo sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya walimu wake tunakutana kanisani kila Jumapili. Anayefikiria kujiandikisha kwingine, iwe hapa, Bukavu au Lubumbashi, atajua mwenyewe nini cha kuuliza.

Mimi ni mwuguzi. Kwa miaka sita nilikuwa nikijaza majedwali ya magonjwa katika ofisi ya kanda ya afya, wagonjwa wa kuhara huku, wa surua kule, na kila mwisho wa wiki nilituma karatasi iliyosema ni wangapi bila kusema ni wapi, isipokuwa jina la mtaa ambao wenyewe una maelfu ya nyumba. Mei 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka jioni ya tarehe 22 na mamlaka kuamuru tarehe 27 watu wa mitaa 10 ya mji waondoke, nilikimbilia Sake pamoja na familia yangu nikiwa sijui kama nyumba yetu ilikuwa ndani ya eneo la hatari au nje yake. Orodha ya mitaa ilisomwa redioni, lakini mpaka wa mtaa wetu na wa jirani hakuna aliyeweza kunionyesha kwa kidole. Hapo ndipo nilipoanza kutaka ramani zinazojibu maswali, na hiyo ndiyo kazi ya SIG: ramani ambayo nyuma ya kila nukta ina safu katika jedwali, hivyo kwamba unaweza kuiuliza ni mabomba yapi yaliyo karibu na shule hii, au ni nyumba zipi zilizo chini ya mita kadhaa juu ya usawa wa ziwa, nayo ikakuonyesha.

Muhula wa kwanza ulikuwa wa nadharia, na ulianza vizuri kuliko ulivyoendelea. Profesa, mzee wa sauti ya chini aliyekuwa akiandika ubaoni kwa chaki hata pale projekta ilipokuwa inafanya kazi, hakuanza na kompyuta. Alianza na London mwaka 1854, na daktari John Snow aliyechora vifo vya kipindupindu nyumba kwa nyumba mpaka vikaonekana vimejazana kandokando ya pampu moja ya maji katika mtaa wa Broad Street. Kisha akafuta ubao, akachora mwambao wa Ziwa Kivu, akaandika Julai 1994, wala hakuhitaji kueleza zaidi, maana nusu ya darasa walikuwa na umri wa kukumbuka kipindupindu kilichowaua wakimbizi kwa maelfu hapa mjini na njiani kuelekea makambini. Aliuliza swali moja tu: kama Snow angekuwa Goma mwezi ule, angechora nini, wakati ambapo watu hawakuwa na nyumba za kuhesabiwa na pampu ilikuwa ziwa lote? Tulibishana kwa saa mbili. Wengine walitaka kuchora mahali watu walipolala, wengine mahali walipochota, na mimi nilitetea mahali walipofia, kwa kuwa ndiyo taarifa pekee ambayo mwuguzi huwa nayo mkononi. Darasa hilo peke yake lilikaribia kunilipa awamu ya kwanza.

Baada ya hapo tulikabidhiwa kwa wengine, na mambo yakapoa. Kwa wiki saba tulitazama slaidi zilizotayarishwa kwa ajili ya wanafunzi wa Ulaya, ambazo mifano yake yote ilitoka Paris: usambazaji wa maduka ya dawa kwa wilaya, msongamano wa magari, umbali kutoka vituo vya metro. Mfano wa mbali hauna ubaya ukifuatwa na wa karibu. Wetu haukufuatwa na chochote. Tulijifunza kuhesabu msongamano wa watu kwa kilomita ya mraba kwa kutumia sensa mpya kabisa ya Ufaransa, na hakuna aliyetukumbusha kwamba sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika mwaka 1984, kwa hiyo namba yoyote ya wakazi utakayoigawa kwa eneo la mtaa wa Goma ni makadirio yaliyojengwa juu ya makadirio. Mwanafunzi anapaswa kulisikia hilo siku ya kwanza, kabla hajaona jinsi ramani ya rangi nyekundu na njano inavyopendeza.

Maabara ndiyo lalamiko langu kubwa. Tulikuwa wanafunzi wapatao sitini kwa kompyuta kumi na nne, tatu kati yake zikiwa zimekufa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na umeme ulikatika mara kwa mara wakati faili ikiwa katikati ya kuhifadhiwa. Jenereta ilikuwepo, tuliiona, imefunikwa turubai nyuma ya ofisi ya mhasibu, lakini mafuta yake yalikuwa suala la maombi, saini na subira. Juu ya kompyuta hizo ilikuwa imewekwa ArcGIS, programu ya kampuni ya Esri ya Marekani, ambayo leseni yake halali ni ghali kwa mfuko wa kawaida, na nakala iliyokuwepo haikuwa halali, jambo lililojulikana na kila mtu na lisilotajwa na yeyote. Ilifunguka siku ilipotaka. Siku moja ilikataa katikati ya mtihani wa vitendo, na ujumbe wa leseni ukatokea kwenye skrini kumi na moja kwa wakati mmoja. Programu yenyewe ni nzuri, na mashirika makubwa ya hapa mjini huitumia kwa leseni zao. Kinachonishangaza ni chuo kumfundisha mtu kazi kwa kifaa ambacho hataweza kukinunua, na ambacho akiajiriwa ataombwa asikilete ofisini.

Aliyetuokoa alikuwa asistenti mmoja kijana, ambaye Jumamosi iliyofuata alikuja na flashi mbili zenye QGIS na kutuambia tulete kompyuta zetu wenyewe, hata zile za zamani. Kwa kuwa tathmini hii ni ya kozi na kozi hiyo iligeuka kuwa kozi ya QGIS, niizungumzie programu hii kwa urefu kidogo. Ni programu huria iliyoanzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman, ikatoa toleo lake la 1.0 mwaka 2009, na unaweza kuipakua, kuitumia, kuinakili na kumpa rafiki bila kuvunja sheria yoyote. Faili ya kuisakinisha sasa inapita giga moja, na ndiyo maana flashi ya asistenti ilikuwa na thamani kuliko kiungo cha intaneti: kwa bei za vifurushi vya hapa, watu sitini kuipakua kila mmoja kwa simu yake ingekuwa harambee. Kompyuta yangu ilikuwa na RAM ya giga 4, na ilifanya kazi, kwa uvumilivu, mradi tu sikufungua picha za setilaiti na kivinjari kwa pamoja. Yenye giga 8 haina shida. Lugha ya menyu unaweza kuiweka Kifaransa, na mimi nilifanya hivyo, ingawa nashauri yeyote anayetaka kutafuta msaada mtandaoni aizoee pia ya Kiingereza, maana majibu mengi yameandikwa kwa majina hayo.

Udhaifu wake ni kwamba inakuruhusu kufanya upuuzi bila kukuonya. Hapa nafika kwenye sehemu ya kozi ambayo haikufundishwa vizuri na ambayo tuliijua vizuri kuliko zote, kwa sababu tuliijua kwa kuaibika.

Zoezi letu la kwanza lilikuwa kuingiza orodha ya vituo vya afya vya mji, iliyoandikwa katika Excel, yenye majiranukta ya kila kimoja. Goma iko karibu na latitudo 1.68 kusini na longitudo 29.2 mashariki. Wa kwanza kumaliza aliita kwa furaha, tukakusanyika nyuma yake, na tukaona nukta zake zote zimelala katikati ya mchanga wa Algeria. Alikuwa amegeuza safu mbili: longitudo akaiweka mahali pa latitudo. Ukifanya hivyo na mji wetu, unatua Sahara, upande wa magharibi wa Algeria, na programu haikuambii neno. Wa pili hakuona nukta yoyote. Kompyuta yake ilikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo desimali zake zilikuwa za mkato, 29,22 badala ya 29.22, na faili ya CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, nayo hutumia mkato kutenganisha safu, hivyo kila longitudo ilikuwa imekatwa vipande viwili kama ndizi. Katika dirisha la kuingiza faili kuna kisanduku kidogo cha kuieleza programu kwamba mkato ni wa desimali, na dawa yenyewe ni kutumia nukta mkato (;) kutenganisha safu. Hilo ni jambo la dakika tano kwa anayejua, na kwa darasa la nchi inayoandika namba kwa mtindo wa Kifaransa lilipaswa kuwa somo la kwanza. Lilitugharimu Jumamosi mbili.

Wa tatu ndiye niliyejifunza kwake zaidi. Alikuwa ametoka Butembo, na alikuwa mjuzi kutuzidi, kwa kuwa alishawahi kufanya kazi ya kupima mashamba. Nukta zake aliziandika kwa mita, katika mfumo wa UTM, kama wapimaji wanavyofanya, na zilipotokea zilikuwa katika bahari ya barafu, karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya dunia. Tulicheka mpaka asistenti akatunyamazisha. Sababu yake ni nzuri, na sikuiona katika slaidi yoyote. Mfumo wa UTM huigawa dunia katika kanda za digrii sita za longitudo, na Goma, Bukavu, Butembo na Lubumbashi yote iko katika kanda ya 35. Lakini kila kanda ina upande wa kaskazini na wa kusini wa ikweta. Upande wa kaskazini, mita huhesabiwa kutoka ikweta kuanzia sifuri. Upande wa kusini ikweta yenyewe hupewa namba 10,000,000 ili kusitokee namba hasi, na unaposhuka kusini namba hupungua. Goma, kilomita kama 186 kusini ya ikweta, ina namba inayokaribia 9,814,000. Butembo iko kaskazini kidogo tu ya ikweta. Rafiki yetu alikuwa ameacha katika kompyuta yake mpangilio wa nyumbani kwao, ambao msimbo wake ni 32635, wakati wa Goma ni 32735. Kwa tarakimu moja, programu iliamini kwamba vituo vyetu vya afya viko kilomita 9,814 kaskazini ya ikweta, ikavipeleka huko kwa utiifu. Jimbo la Kivu Kaskazini linakatwa na ikweta. Kozi ya SIG inayofundishwa katika jimbo hili na isiyolieleza hilo ubaoni inawafundisha watu wa mahali pengine.

Kuna la nne, langu mwenyewe, na nitalisema kwa haki. Tuliombwa kuchora bafa, yaani duara, ya mita 500 kuzunguka kila bomba la maji, kwa kuwa mwongozo wa Sphere unaotumiwa na mashirika ya misaada unasema kaya isiwe mbali zaidi ya mita 500 na mahali pa kuchota, na kwamba bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250. Niliandika 500 na kubofya. Skrini yote ikawa rangi moja. Tabaka langu, yaani faili ya mabomba niliyokuwa nimeifungua, lilikuwa bado katika digrii, kwa hiyo nilikuwa nimeomba duara la digrii 500 katika dunia yenye digrii 360, na kila mkaaji wa sayari alikuwa amepata maji.

Muhula wa pili ulikuwa wa vitendo, na hapa kozi ilipanda kutoka wastani hadi kuwa kitu ambacho ningependekeza kwa ndugu yangu. Tuligawanywa katika vikundi vya watu sita, tukapewa barua yenye muhuri ya kumwonyesha chefu wa mtaa, tukaweka katika simu zetu programu ya KoboCollect, ambayo hujaza fomu bila intaneti na kuzituma baadaye, na kikundi chetu kikapelekwa Majengo kuandika mabomba ya maji. Barua ile ni muhimu kuliko simu. Mtu anayesimama kwenye kona ya avenyu akiangalia skrini na kuandika, katika mji ambao viwanja hugombaniwa na ulinzi ni suala la kila siku, haulizwi kwa upole kila mara. Anayelipia kozi yoyote ya namna hii na aulize mapema kama chuo kinatoa barua, na ni nani anayetangulia kumwona chefu.

Katika avenyu ya pili mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya bidoni la lita 20 alitutazama kwa muda mrefu, kisha akaniita.

“Mutoto, munapima nini hapa? Ni barabara inakuya, ao ni sisi tunatoka?”

“Hapana, mama. Tunaandika tu bomba za maji.”

“Maji yenyewe iko wapi?”

Fomu yetu ilikuwa na maswali kumi na mawili: majiranukta, aina ya bomba, idadi ya koki, aliyelijenga, mwaka, hali ya sakafu na kadhalika. Hakuna lililouliza kama bomba linatoa maji. Bomba lililokuwa mbele ya mama yule tulikuwa tumeshaliandika, koki nne, hali nzuri, na lilikuwa kavu. Alikuwa ameketi pale kwa kuwa alikuwa njiani kutoka kwa jirani aliyeuziwa maji na lori. Tulirudi kwa asistenti jioni ile na kumwambia, naye, badala ya kutetea fomu yake, aliongeza maswali mawili, kama linatoa maji sasa na ni siku ngapi za wiki hutoa, akaturudisha kwenye avenyu zilezile kuanza upya. Tulinung'unika. Ramani mbili zilizotoka, ya kwanza ya mabomba yote na ya pili ya yanayotoa maji tu, zilikuwa ramani za miji miwili tofauti.

Hata ile ya pili ilidanganya kidogo, na ninaipongeza kozi kwa kutulazimisha kuona ni kwa nini. Bafa ni duara, nalo duara hupita juu ya ukuta, juu ya uzio wa uwanja wa ndege na juu ya bahari ya mawe ya lava kana kwamba aliyebeba bidoni anaruka. Mita 500 za QGIS ni mita 500 za ndege. Tulitembea tukiwa na simu inayorekodi njia, kutoka nyumba tano hadi bomba lililo hai la karibu, na hakuna njia iliyokuwa fupi kama duara lilivyosema. Zipo zana za kupima umbali kwa kufuata barabara, na tulifundishwa moja, kwa haraka mno, wiki ya mwisho. Kwa barabara zenyewe tulitegemea OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, ambayo kwa Goma ina vichochoro ambavyo hakuna ramani ya kulipiwa iliyowahi kuniwekea. Nilianza kwa kuichukua tu, na tangu wakati huo nimekuwa nikiongeza vichochoro vya mtaa wetu.

Kuhusu faili, neno moja kwa watakaofuata. Walimu bado wanatumia muundo wa zamani uitwao shapefile, ambao kwa kweli ni kundi la faili tatu au zaidi zinazotembea pamoja, na mwanafunzi akimtumia mwenzake moja tu kwa WhatsApp, amemtumia mfuniko bila sufuria. Muundo huo pia hukata majina ya safu yakizidi herufi kumi. Safu zangu za idadi_ya_watu na idadi_ya_wanawake zilifika kwa mwenzangu zote mbili zikianza idadi_ya, moja imekatwa, nyingine imepewa mkia wa namba, naye akahesabu wanawake kuwa watu wote. Tumieni GeoPackage, ambayo ni faili moja na haina tatizo hilo.

Sehemu ya picha za setilaiti na mwinuko wa ardhi ilikuwa fupi kuliko nilivyotamani, wiki nne, ingawa kwa mji ulio chini ya Nyiragongo ndiyo ingepaswa kuwa kiini. Tulijifunza kupakua picha za Sentinel-2, ambazo pikseli yake bora ni mita 10 na ambazo ni za bure, na za Landsat, za mita 30, ambazo kumbukumbu yake inarudi hadi 1972 na imekuwa ya bure tangu 2008. Tatizo la hapa ni mawingu. Kati ya picha nane nilizofungua, sita zilinionyesha pamba. Rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu, na ndiyo iliyowasaidia wanasayansi mwaka 2021 kuona kwamba ardhi ilikuwa imetanuka kuelekea kusini, chini ya mji wenyewe hadi ziwani; lakini rada tulionyeshwa kwa slaidi mbili tu, na nilitoka darasani nikijua kwamba ipo.

Kwa upande mwingine, zoezi la mteremko lilikuwa bora. Tulichukua modeli ya mwinuko ya SRTM, iliyopimwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, tukakokotoa mteremko na njia ambazo kitu kinachotiririka kingefuata kutoka mabega ya mlima hadi ziwani, kisha tukalinganisha na lava halisi ya 17 Januari 2002, iliyokata katikati ya mji, ikafunika sehemu ya barabara ya kurukia ndege na kuingia Ziwa Kivu. Kwa sehemu kubwa zilikubaliana. Ndipo mwanafunzi mmoja, fundi ujenzi, akauliza kama modeli hiyo inaonyesha mji wa sasa. Haionyeshi. Ilipimwa karibu miaka miwili kabla ya lava, kwa hiyo ardhi tuliyokuwa tumesimama juu yake siku ile, ambayo mahali fulani imepanda kiasi cha nyumba kupoteza ghorofa yake ya chini, haimo ndani yake. Asistenti aliongeza, kwa uaminifu, kwamba tusifikiri modeli mpya ingetatua yote, maana makosa ya wima ya modeli hizi huweza kufika mita kadhaa na unene wa lava mjini mara nyingi ni mdogo kuliko kosa lenyewe. Ipo programu-jalizi ya QGIS iitwayo Q-LavHA, iliyotengenezwa mahususi kuigiza mtiririko wa lava. Tuliisakinisha siku ya mwisho ya muhula, umeme ukakatika.

Kazi ya mwisho niliitetea mbele ya majaji watatu. Wawili waliuliza kuhusu ramani, na wa tatu aliuliza kwa nini ukurasa wa shukrani haukumtaja mkuu wa idara. Nilipata alama nzuri. Cheti kilichukua miezi mitano kutoka, na mara tatu niliombwa risiti ya malipo ambayo nilikuwa nimeshaiwasilisha. Nakala za risiti zifichwe kama hati za kiwanja.

Je, inaleta kazi? Wenzangu wanne waliajiriwa na mashirika ya misaada kutunza taarifa na kuchora ramani, mmoja yuko Lubumbashi katika migodi, ambako wanaolipwa vizuri ni wanaojua pia kupima ardhini, na wengi wetu tulirudi pale tulipokuwa. Mimi nimerudi katika majedwali yangu, ila sasa jedwali langu lina safu mbili zaidi, na wiki iliyopita mratibu aliniuliza ni kwa nini wagonjwa wa kuhara wa avenyu tatu wamewekwa peke yao. Nilimwonyesha bomba. Kwa mwuguzi, mwalimu, fundi wa maji au mkaguzi wa barabara mwenye swali lake mwenyewe tayari, kozi hii inafaa, tena sana. Kwa kijana anayetarajia kwamba cheti pekee kitamfungulia geti la shirika, dola 400 ni nyingi, na zile zana za msingi atazipata kwa flashi ya rafiki na Jumamosi nyingi.

Wanaojiandikisha mwaka huu wanaambiwa kwamba maabara imeongezewa kompyuta kumi na kwamba QGIS sasa imo katika programu rasmi ya masomo. Nimepita pale kuziona. Ni kweli, ziko mpya, zimepangwa vizuri, na nyuma ya ofisi ya mhasibu jenereta bado imefunikwa turubai lilelile. Mimi nisingelipa awamu ya pili kabla ya kuisikia ikinguruma.